Kamshafti ya pili isiingie kabla hujajua nini kiliua ya kwanza

Swali: Shikamoo mzee. Nina lori la Tata, injini ni Cummins 6BT ya lita 5.9. Nabeba kokoto kutoka Lugoba kuja Dar. Mwezi wa tatu lilianza kukosa nguvu mlimani na kupiga chafya kwenye chombo cha hewa. Fundi akafungua, akakuta nundu mbili za kamshafti (shafti inayofungua vavu) zimelika. Nikanunua kamshafti mpya Gerezani, tukafunga, lori likawa zuri. Wiki tano baadaye ugonjwa ni ule ule, safari hii imelika nundu ya silinda namba nne. Fundi anasema nimeuziwa kamshafti feki. Mwenye duka anasema fundi wangu hajui kufunga. Nani mkweli, na nifanyeje isijirudie? – Msomaji, Kimara.

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta neno moja tu: tapeti, kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya nundu na kusukuma vavu. Halimo. Kamshafti umeitaja, duka umelitaja, fundi umemtaja, tapeti hata mara moja. Kwa hiyo kabla hujarudi Gerezani kugombana na mtu, muulize fundi wako swali hili: zile tapeti kumi na mbili alirudisha za zamani? Akikujibu kwamba "zilikuwa bado nzima", mtuhumiwa wa kwanza umempata.

Nieleze kwa nini. 6BT ina vavu kumi na mbili, na kila vavu ina tapeti yake iliyokaa juu ya nundu yake. Hakuna rola hapo, ni chuma juu ya chuma na utando mwembamba wa oili katikati. Uso wa tapeti ukiutazama unauona bapa, lakini una mgongo mdogo mno, na nundu nayo haiigusi tapeti katikati kabisa, imesogea pembeni kidogo. Waliobuni walikusudia hivyo: kila nundu inapopita, tapeti inasukumwa juu na hapo hapo inazungushwa kidogo. Ikizunguka, msuguano unagawanyika uso mzima. Ikigoma kuzunguka, nundu inakwangua mstari ule ule mmoja, na injini ikikimbia mizunguko 2,000 kwa dakika, kamshafti inazunguka 1,000, maana yenyewe huenda nusu ya mwendo wa krenki, shafti kuu ya injini. Mikwaruzo elfu moja kwa dakika, mahali pamoja. Wiki tano ulizopata ni nyingi.

Tapeti ya zamani imeshakanyagana na nundu ya zamani mpaka zikafanana, kama kandambili iliyochukua umbo la mguu wa mwenyewe. Ukiiweka juu ya nundu mpya haigusi pale inapotakiwa, na mara nyingi haizunguki. Ndiyo maana kanuni yangu gereji haina mjadala: kamshafti mpya, tapeti mpya, zote kumi na mbili. Hata kama iliyolika ni moja.

Ukitaka kujihakikishia, chukua tapeti mbili kati ya zile zilizotolewa, zigusishe uso kwa uso, uzitazame kwenye mwanga. Zilizo nzima zitayumba kidogo na utaona mwanga pembeni. Zilizokwisha zitalaliana tuli. Zilizokwisha kabisa zina kishimo katikati kama kisosi, na hizo hata kidole kinasikia.

Kosa hili ninalisema kwa ukali kwa sababu nimelifanya. Nilikuwa na miaka mitatu tu kazini, mteja wa Buguruni akaniambia hela imeishia kwenye kamshafti, nikamwonea huruma, nikazisafisha tapeti zake kwa dizeli nikazirudisha zikiwa zinang'aa. Lori lilirudi linavutwa kwa mnyororo kabla mwezi haujaisha. Kamshafti ya pili niliilipa mimi, kwa mafungu.

Sasa mwenye duka. Simtetei, maana kamshafti mbovu zipo na zinauzwa. Lakini feki haipimwi kwa boksi wala kwa bei. Chukua tupa laini, iguse kwenye ukingo wa nundu, si kileleni. Nundu iliyokomazwa vizuri, tupa inateleza kama juu ya kioo. Tupa ikishika na kutoa unga, rudisha kitu cha watu. Halafu maikromita: pima shingo zote zinazokaa kwenye bloku, pima na vilele vya nundu, sita za kuingiza hewa ulinganishe zenyewe kwa zenyewe, sita za eksozi vivyo hivyo. Mwisho uilaze kwenye vishikio viwili, uizungushe na geji ya saa (yenye mshale unaoonyesha tofauti ndogo) ikiwa katikati, uone kama imepinda. Fundi wa mashine yeyote anayechonga krenki anaweza kukufanyia hayo kwa muda wa kunywa chai. Ile yako iliyolika usiitupe. Ipime hivyo hivyo, itakuambia kama duka lilikosa. Nundu kumi na moja zikiwa ngumu na nzuri na moja tu imelika, chuma si kibaya. Kuna kitu kilichotokea pale kwenye namba nne.

Na kitu hicho kinaweza kuwa mabaki ya ajali ya kwanza. Hapa ndipo gereji nyingi za mjini zinapokosea hata wakibadilisha tapeti. Nundu mbili zilipolika mwezi wa tatu, chuma chake kilikwenda wapi? Kilikuwa unga ndani ya oili. Sehemu ilinaswa na filta. Filta ikijaa, oili hupitia njia ya dharura bila kuchujwa, na ule unga unakwenda kwenye beringi za krenki, kwenye tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi), na kwenye kipoza oili kilichojificha nyuma ya kichwa cha filta. Kile kipoza kina sahani nyembamba zilizobanana. Ukikirudisha bila kukiosha, siku ya kwanza unapowasha injini mpya unainywesha uchafu wa zamani. Mimi hukitoa, nakiosha, napuliza hewa pande zote mbili, na kama chenga zilikuwa nyingi nanunua kingine. Sampu, beseni la oili chini ya injini, inashuka, chujio la kunyonyea linaoshwa, na kofia mbili za beringi za krenki zinafunguliwa kuangaliwa. Beringi zikiwa na vijistari vya unga uliozama, usidanganyane na mtu, hapo unazungumzia ovahoo. Tabo nayo uishike shafti uitikise.

Tuje kwenye kufunga. Nitaandika kwa 6BT kwa sababu ndiyo yako. Mwenye injini nyingine achukue mantiki, namba asizichukue.

Pampu ndogo ya kuvuta dizeli, ile iliyo ubavuni mwa bloku, inasukumwa na kamshafti yenyewe. Itoke kwanza. Nimeona kijana akivuta kamshafti kwa nguvu zote, inatoka inchi mbili inagoma, anaongeza nyundo, kumbe mkono wa pampu ndio umeizuia. Kavu, yaani kifuniko, ya mbele ikishafunguka, kabla hujagusa kingine, geuza krenki mpaka alama za gia zikutane, upige picha kwa simu. Picha hiyo inaokoa ndoa.

Ugumu wa 6BT ni kwamba tapeti zake zina kichwa kipana kama uyoga, na uyoga umeangalia chini. Hazitoki kwa juu. Ukivuta kamshafti bila kuzishika zinaangukia kwenye sampu. Dawa yake ni ya kifukara na inafanya kazi: ukishatoa roka (mikono inayobonyeza vavu) na pushrodi (fimbo zinazoisukuma roka), chonga vijiti kumi na viwili vya mbao ngumu vinavyoingia kwa kubana kwenye tundu la tapeti, vipitishe kwenye matundu ya pushrodi, gongomea kidogo, vuta juu, kisha funga viwili viwili kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kamshafti inatoka taratibu huku unaizungusha. Lakini kumbuka tumekubaliana tapeti zote zinabadilishwa, kwa hiyo vijiti ni vya kutolea tu. Za zamani baadaye utaziachia moja moja ziangukie kwenye mfereji wa bati uliouingiza kwenye tundu la kamshafti, na mpya zitapanda kwa njia hiyo hiyo zikivutwa kwa kamba kutoka juu. Kazi ya subira. Kwa hali ya injini yako mimi ningeishusha chini, nikaigeuza miguu juu na sampu ikiwa wazi. Hapo tapeti unaziweka kwa mkono, zinakaa zenyewe, na unapata nafasi ya kuangalia hizo beringi.

Kila tapeti mpya iingize kwenye tundu lake bila kamshafti, uizungushe kwa kidole. Iteleze na izunguke bila kubania. Tundu lenye lami ya oili ya miaka kumi linaizuia tapeti isizunguke, na matokeo yake umeshayajua. Ningeweka dau kwamba namba nne yako ina tundu la namna hiyo.

Kuna bushi pale mbele kwenye shingo ya kwanza. Ikibadilishwa, tundu lake la oili lazima liangaliane na tundu la bloku. Usiamini macho, pitisha waya wa milimita 3 mpaka uingie ndani. Bushi iliyogeuka kidogo tu inakata oili, na hakuna taa ya dashibodi itakayokuambia.

Kupaka. Shingo za kamshafti zinapakwa oili safi ya injini. Nundu na nyuso za tapeti zinapakwa mafuta mazito ya kufungia yenye molibdeni, yale meusi. Grisi ya beringi za magurudumu si mbadala, haiyeyuki vizuri kwenye oili na inaweza kwenda kuziba vijitundu. Najua inapakwa kila siku. Ingiza kamshafti kwa mikono miwili, ukiizungusha, bila kugonga. Ikikwama, toa uangalie. Kibao cha kuizuia isitembee mbele na nyuma kinakaa nyuma ya gia, bolti zake mbili zinafikiwa kupitia matundu ya gia, na zinakazwa kwa Nm 24 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Si bolti za kuning'inia.

Alama: gia ya krenki inakutana moja kwa moja na gia ya kamshafti, hakuna gia ya katikati kati yao, kwa hiyo jino lenye alama linaingia kati ya alama mbili za mwenzake. Gia ya pampu ya dizeli nayo ina alama yake dhidi ya gia ya kamshafti. Kwenye injini zenye gia ya katikati, vijana huchanganyikiwa: wanaseti, wanazungusha mara mbili kuhakikisha, alama hazirudi, wanafungua upya wakidhani wamekosea. Meno ya gia ya katikati hayagawanyiki sawa, alama zinahitaji mizunguko mingi kukutana tena. Yako haina shida hiyo. Ukizungusha krenki mara mbili kamili, alama za krenki na kamshafti lazima zirudi; zisiporudi, mmekosea.

Na mizunguko hiyo miwili ni ya mkono, kwa kifaa cha kuzungushia flaiwili. Starta mwiko. Jino moja likikosewa, pistoni inaweza kukutana na vavu, na mkono wako utasikia kizuizi mapema, wakati starta itapinda pushrodi kabla hujasema neno. Kuna pia kijipini cha kutafutia pistoni namba moja ikiwa juu, kipo nyuma ya nyumba ya gia, kinaingia kwenye tundu la gia ya kamshafti. Kivute nje kabla ya kuzungusha chochote, ni chepesi kuvunjika.

Nyumba ya gia ikiwa wazi, tazama kile kipini cha chuma kinachoipanga kwenye bloku. Kwenye 6BT nyingi hakina kitu cha kukizuia; mtikisiko wa miaka unakitoa taratibu, siku moja kinaangukia kati ya gia. Weka kijibati chini ya bolti ya jirani kikizuie. Dakika tano. Sili ya mbele ya krenki iingie kavu kabisa, bila oili kwenye mdomo wake wala kwenye shafti, kinyume na tulivyofundishwa kwa sili za kawaida.

Ukirudisha roka, angalia kwamba baadhi ya bolti za silinda hedi zinapita kwenye vishikio vya roka, yaani kutoa roka ni kulegeza hedi. Zinakazwa kwa hatua, kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje: bolti zote za hedi Nm 90, kisha zile ndefu zinazopita kwenye roka Nm 120, kisha zote robo mzunguko. Asiye na toki renchi akaazime.

Kuseti nafasi za vavu, injini ikiwa ya baridi: za kuingiza hewa mm 0.25, za eksozi mm 0.51. Namba moja ikiwa juu kwenye mgandamizo, seti zote mbili za namba moja, ya kuingiza ya namba mbili, eksozi ya tatu, ya kuingiza ya nne, eksozi ya tano. Geuza krenki mzunguko mmoja kamili, kisha eksozi ya mbili, ya kuingiza ya tatu, eksozi ya nne, ya kuingiza ya tano, na zote mbili za sita. Ziandike kwenye karatasi, na karatasi ikae kwenye lori. Nitakuambia kazi yake.

Kuwasha sasa, mahali ambapo kamshafti nyingi hufia. Nundu hazipewi oili na bomba lao, zinategemea zaidi oili inayorushwa na krenki. Injini ikiwa sailensa, yaani bila kukanyagiwa mafuta, krenki inarusha kidogo. Gereji zetu tunapenda kuwasha injini mpya na kuiacha sailensa saa nzima "ijizoeshe" huku tunakunywa soda. Ndiyo kuiua huko. Jaza filta oili, ziba dizeli isiende, piga starta kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Hakikisha maji yapo na bomba za dizeli hazina hewa, ili ikiwaka iwake moja kwa moja. Ikiwaka tu, pandisha mara moja mpaka 1,200 hadi 1,500, uishikilie hapo dakika ishirini, ukipandisha na kushusha kidogo kidogo. Kukiwa na tatizo, zima. Usiiache sailensa ukitafuta spana. Baadaye mwaga oili na filta, weka mpya, 15W-40 ya dizeli kutoka kwa mtu unayemwamini. Usiweke ya magari madogo ya petroli, nyingi siku hizi zina dawa kidogo ya kulinda nundu. Na wiki ya kwanza usiliweke lori kwenye foleni ya Mandela saa kumi na moja jioni. Vuka usiku.

Kipimo kimoja kizuri: kabla ya kuwasha, chora mstari wa chaki kwenye kila pushrodi. Kavu za juu zikiwa zimefunguliwa, mwenzako azungushe kwa starta dizeli imezibwa. Mistari yote itatembea pole pole. Mstari usiotembea, tapeti yake haizunguki. Simama hapo hapo.

Kuhusu dalili, ili safari ijayo ujue mapema. Ile chafya uliyoisikia ndiyo lugha ya nundu ya eksozi: ikilika, moshi hautoki wote, na vavu ya kuingiza inapofunguka moshi unarudi kwenye njia ya hewa. Nundu ya kuingiza ikilika husikii chafya, unaona moshi mweusi na lori linalegea, kwa sababu silinda inanyimwa hewa huku dizeli inaingia kama kawaida. Kutafuta silinda iliyochoka kwenye pampu yako ya kizamani, injini ikiwa sailensa, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja, ukiwa umeizungushia kitambaa na mkono uko mbali. Dizeli ya presha inapenya ngozi. Ukilegeza na mlio usibadilike, silinda hiyo haifanyi kazi. Wenye malori mapya ya komoni reli wasithubutu, kule presha inaweza kuzidi bar 1,000. Ukishaipata silinda, weka geji ya saa juu ya pushrodi yake, zungusha kwa mkono, linganisha unyanyukaji na wenzake. Hakuna haja ya kushusha injini kujua nundu imelika.

Ile karatasi ya nafasi za vavu: baada ya kilomita 500 pima tena injini ikiwa baridi, halafu kwenye kilomita 2,000. Nafasi zikibaki pale pale, lala usingizi. Moja ikiwa imeongezeka, fundi ataikaza na kelele itaisha. Ikiongezeka tena, nundu inaliwa, na kila ukiikaza unamficha mwizi. Kata filta ya oili kwa msumeno, kunjua karatasi yake juani, pitisha sumaku uone kama ina unga wa chuma.

Mwenye duka na fundi wako, basi. Kwa niliyosoma, lawama zinamwelemea fundi, lakini tapeti zenu na ile kamshafti kwenye maikromita ndizo zitakazosema, na wote wawili wawepo zinapopimwa.